Hisabati Chini ya Mwembe

Mtoto wa Mpanda atishwaye na mgawanyo darasani, aghalabu ndiye huyo huyo ambaye, kengele ikisha kugongwa, huchimba vishimo chini ya mwembe akacheza bao kwa umahiri wa kustaajabisha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huzungusha kete zake, moja moja, katika mashimo yake 16. Basi mwenye kete 16 mkononi hurejea shimo lile lile alikozitoa, na mwenye 19 huishia shimo la tatu mbele yake, maana 19 kwa 16 hubaki 3. Asiyeipiga hesabu hiyo, kete yake ya mwisho huweza kuangukia shimo tupu, akalala, yaani zamu yake ikaisha. Somo la baki, kwa rai yangu, lingeanzia hapo kabla ya chaki kuguswa.

Tena, kwa somo la mgawanyo, ipo reli ya Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210, iliyojengwa zama za mkoloni kwa sababu ya madini ya risasi. Gari moshi likienda kilomita 30 kwa saa, litafika baada ya saa 7. Wasafiri wa njia ile watacheka, nao wana haki, maana safari yenyewe huzidi saa hizo. Basi mwalimu na awaulize wanafunzi, vituo vimekula saa ngapi?