Vibofu Vinavyowinda Majini

Utricularia huelea kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga kama fundo la nyuzi za kijani, bila mzizi hata mmoja. Ungeipita bila kuitupia jicho. Lakini kati ya mimea yote inayokula wanyama, hakuna yenye mtego wa kasi kama wake. Nyuzi zake zimebeba vibofu, vingi vikiwa na upana wa milimita chache tu. Mmea husukuma maji nje ya kibofu mpaka kuta zake zibonyee. Kiroboto-maji akigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango hufunguka, kuta hutanuka, na maji huingia pamoja naye kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea ilayo wadudu, alidhani vijidudu hujipenyeza vyenyewe kwa kusukuma mlango kwa vichwa. Sishangai, maana jicho haliwahi kuona.

Anayeanza huichanganya na Ceratophyllum, gugu la majini linalowekwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Hilo halina vibofu. Kujua spishi ni kazi nyingine: usihangaike na majani, kwani hubadilika kufuata kina cha maji na mwanga. Ngoja ua, lenye midomo miwili na kipembe kwa nyuma. U. stellaris hutoa maua ya njano, na kikonyo chake huzungukwa na maboya manene, mafupi, yaliyopangika kama nyota. U. inflexa nayo ina maboya, ila ni marefu zaidi, na maua yake mara nyingi ni meupe yenye mistari ya zambarau. U. gibba haina maboya: ni nyuzi nyembamba mno na ua dogo la njano. Pasipo ua, andika “Utricularia” uishie hapo.

Ukitaka kuikuza, inyime mbolea. Mimea hii huwinda kwa sababu inakoishi chakula ni haba. Maji yakirutubishwa, mwani wa kijani huifunika na kuiua. Chukua beseni pana, maji ya mvua, majani makavu ya matete chini, na jua la kutosha. Kipande kimoja cha uzi kinatosha, kwa hiyo hakuna haja ya kukomba dimbwi zima. Aina za nchi kavu, kama U. livida, pamoja na Drosera madagascariensis, mmea mwingine ulao wadudu, wenye majani ya ulimbo, hutaka mchanga wa mto uliooshwa vizuri, uliochanganywa na udongo wa piti, chungu kikikaa ndani ya sahani ya maji ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi huziua polepole.

Usiitegemee ikumalizie mbu. Hunasa viluwiluwi wachanga, lakini waliokwisha kukua hawaingii kibofuni. Funika beseni kwa kipande cha chandarua.