Je, Wajua? Kuta Zinazotetea Ardhi Arusha

Je, wajua kwamba rangi ya alama ya X kwenye ukuta wa nyumba iliyo kando ya barabara kuu huonyesha kama mwenyewe atalipwa fidia au la? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huchorewa X nyekundu: abomoe, na halipwi kitu. Aliyefuatwa na zile mita 7.5 za nyongeza huchorewa X ya kijani, naye anastahili fidia. Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, imekwisha kupanuliwa kuwa njia nne, na watu wa Arusha wanajua uzito wa mita hizo. Sijaona mchoro wa ukutani unaosomwa kwa hofu kuliko huo, na umechorwa na serikali yenyewe.

Je, wajua kwamba mwananchi naye hujibu kwa brashi? "Nyumba hii haiuzwi", "Kiwanja hiki hakiuzwi, epuka matapeli." Maneno hayo yametapakaa mijini Tanzania nzima. Mara nyingi nyuma yake kuna mirathi isiyogawanywa, mjane anayesukumwa nje na ndugu wa marehemu, au dalali aliyekwisha kupokea fedha za watu wawili. Kesi ya ardhi huweza kuchukua miaka. Kopo la rangi humwonya mnunuzi siku hiyohiyo. Kwangu huo ni uanaharakati kamili, hata kama aliyeandika hajawahi kujiita msanii.

Je, wajua kwamba kilio cha ardhi cha Wameru wa Arusha kilifika Umoja wa Mataifa kabla ya Uhuru? Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwakilishi wao, alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao. Hakukuwa na ukuta uliobaki wa kuandikia.

  

Nje ya Arusha nako kuta hazikunyamaza. Nairobi, mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walichora wanasiasa kama tai walaji mizoga kwenye kuta za katikati ya jiji, uchaguzi wa 2013 ukikaribia. Unguja, maskani (kijiwe cha siasa) ya Kisonge, Michenzani, ilijulikana kwa ubao wake wa maneno makali ya kisiasa.

Turudi Tanzania Bara: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kwa hiyo, msomaji, ukinunua kiwanja soma kwanza ukuta, kisha muulize mwenyekiti wa mtaa. Na kama nyumba yako ina X ya kijani, dai haki yako kwa maandishi, utunze nakala.