Kompyuta ya Mishahara Inapokosea: Nani Alibadilisha Programu, na Lini?



Katika shamba moja la chai, ambalo hatutalitaja hapa, wachumaji wa kituo kimoja cha kupimia majani walipata mshahara pungufu. Wenzao wa vituo vingine vitatu walilipwa barabara. Mama mmoja aliyekuwa ametunza vikaratasi vyake vyote vya mizani alikwenda kwa karani wa mishahara, akamwekea mezani. Kila kikaratasi kilionyesha kwamba kilo mbili zimekatwa kwa ajili ya uzito wa gunia, ingawa chama kilikuwa kimekwisha kupatana na mwajiri kwamba kuanzia mwezi ule itakatwa kilo moja tu. Karani akamjibu, "Mama, siku hizi hesabu hizi hazifanywi na mtu. Zinafanywa na kompyuta, na kompyuta haikosei."

Ukweli ulijulikana baada ya wiki tano. Fundi alikuwa ametumwa kubadilisha programu katika mizani zote nne kabla ya tarehe mosi. Akabadilisha tatu. Mvua ikanyesha, barabara ya kituo cha nne ikaharibika, akasema atakwenda kesho. Na kesho yake akaitwa kwenye kazi nyingine. Basi mizani ya nne ikaendelea kukata kilo mbili kila mchumaji alipoweka gunia. Hakuna aliyeiba. Lakini nyongeza iliyopiganiwa mezani kwa miezi kadhaa ilipotelea njiani, baina ya ofisi na kituo cha nne.

Wengi wetu siku hizi tunapimiwa, tunahesabiwa saa na kulipwa kwa njia ya kompyuta. Kwa hiyo yafaa tujue mambo haya yanakwendaje. Si lazima mtu awe fundi. Mfanyakazi wa kinu hahitaji kuwa mhandisi ili ajue kwamba mkanda umelegea.

Kwanza, programu ni kitu gani? Ni maandishi. Mtu ameketi akaandika amri moja baada ya nyingine: pima uzito, toa kilo moja, zidisha kwa bei, andika katika jina la mtu huyu. Programu ya mishahara ya kampuni kubwa huwa na maelfu mengi ya mistari ya namna hiyo, wala haiandikwi na mtu mmoja. Huyu anashughulikia saa za ziada, yule makato ya kodi, mwingine mizani.

Hapo ndipo taabu ya kwanza inapozaliwa. Fikirini makarani wawili wenye daftari moja la mishahara. Kila mmoja anainakili nyumbani kwake usiku. Wa kwanza anasahihisha ukurasa wa saa za ziada, wa pili anasahihisha ukurasa wa kodi. Asubuhi wa kwanza anarudisha daftari lake ofisini; saa moja baadaye wa pili anarudisha lake na kuliweka mahali pa lile la kwanza. Kazi ya usiku mzima ya karani wa kwanza imefutika, na hakuna aliyefanya kosa ambalo msimamizi angeweza kuliona.

Waandishi wa programu waliipata taabu hii zamani. Mwaka 1972 Marc Rochkind, akiwa katika maabara za Bell huko Marekani, alitunga chombo kilichoitwa SCCS cha kutunza maandishi ya programu pamoja na mabadiliko yake yote. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akatoa kingine, RCS. Vyombo hivyo vya kwanza vilitumia kufuli: aliyetaka kusahihisha ukurasa aliufunga, na wengine wakangoja mpaka aufungue. Ilikuwa salama, lakini mtu akienda likizo na ufunguo mfukoni kazi ililala. Vyombo vilivyofuata vikaruhusu watu wengi kusahihisha kwa pamoja, kisha chombo chenyewe kikaunganisha kazi zao. Kinachotumika zaidi leo ni Git, ambacho Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, alikitunga mwaka 2005.

Vyombo vyote hivi, kwa majina yao mbalimbali, ni ghala lenye daftari la mtunza stoo. Kila badiliko linaloingia ghalani linaandikwa: nani ameleta, siku gani, saa ngapi, mistari gani imeondolewa na mistari gani imewekwa, na kwa sababu gani. Mafundi wakitaka kujaribu jambo kubwa bila kuvuruga kazi ya kila siku, huanzisha nakala ya pembeni ambayo wao huiita tawi (si tawi la chama), kisha wakairudisha katika shina ikishakomaa. Watu wawili wakisahihisha mstari mmoja kwa namna mbili, chombo kinakataa kuchagua. Kinasimama na kusema kuna mgongano, watu waamue. Fundi mvivu hapo huchagua wake na kutupa wa mwenzake bila kuuliza, na yule karani wa daftari aliyefutiwa kazi yake amezaliwa upya.

Taabu nyingine ni ya mkono unaopita nje ya ghala. Usiku wa kuamkia siku ya malipo kosa linaonekana. Fundi anaitwa, analisahihisha palepale katika kompyuta ya kiwanda, watu wanalipwa, naye anapewa ahsante. Lakini hakurudi kuandikisha sahihisho lake ghalani. Miezi mitatu ikipita, toleo jipya linaletwa kutoka ghalani, linafunika kila kitu, na kosa lilelile linarudi. Mfanyakazi anasema, "Jambo hili si mlikwisha litengeneza?" Naye anaonekana mlalamishi. Mkiona kosa la mshahara lililokwisha kutengenezwa limefufuka, dhania kwanza jambo hili.

Kuna pia maneno ambayo mafundi wote wa dunia huyasema: "Kwangu inafanya kazi." Mara nyingi ni kweli. Katika kompyuta ya mwandishi inafanya kazi kwa sababu pale pana jedwali la bei, au mpangilio fulani, ambao hakuutia ghalani. Kiwandani jedwali hilo halipo, au lipo la mwaka jana. Maandishi ni yaleyale, lakini mashine haijawekewa vitu vilevile.

Na hata ghala likiwa safi, bado kuna safari ya kutoka ghalani mpaka penye kazi. Mfano mkubwa ulitokea Marekani tarehe 1 Agosti 2012, katika kampuni ya Knight Capital iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa. Siku hiyo soko la hisa la New York lilianza mpango mpya, na kampuni ilikuwa imeandika programu mpya kwa ajili yake. Programu ilipaswa kuwekwa katika seva 8, yaani kompyuta kubwa za kazi. Fundi aliiweka katika 7. Ya nane aliisahau, na kampuni haikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili akague.

Katika seva ile ya nane kulikuwa na kipande cha zamani kiitwacho Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 lakini haikukiondoa. Programu mpya iliwashwa kwa swichi ileile iliyokuwa zamani ikiwasha Power Peg. Kwa hiyo maagizo ya wateja yalipofika asubuhi, seva saba zilifanya kazi mpya sawasawa, na ya nane ikamwamsha marehemu. Kipande hicho zamani kilikuwa na kihesabio cha kukisimamisha agizo likitimia, lakini kihesabio kilihamishwa mwaka 2005 bila kipande chenyewe kujaribiwa tena. Basi kikanunua na kuuza bila kukoma. Kwa dakika 45 kampuni ilifanya biashara zaidi ya milioni 4, na hasara ikazidi dola milioni 460. Kabla ya soko kufunguliwa, kompyuta za kampuni zenyewe zilikuwa zimetuma barua 97 kwa wafanyakazi zikilitaja kosa hilo, lakini barua za namna hiyo hazikuhesabiwa kuwa za hatari.

Sasa angalieni walivyotafuta kosa, maana hapa pana funzo kuliko kosa lenyewe. Katika haraka yao mafundi walidhani programu mpya ndiyo mbaya. Wakaiondoa katika zile seva saba zilizokuwa sawa. Swichi ikiwa bado imewashwa, seva zote nane zikaanza kufanya wazimu wa ile moja.

Wangalianza kwa kuuliza swali dogo: kila mashine ina toleo gani? Hilo ndilo swali la kwanza, wala halihitaji elimu kubwa. Kila toleo lina namba yake. Mashine nane zikiwa na namba moja, tafuta kosa katika maandishi. Moja ikiwa na namba tofauti, umekwisha lipata. Katika shamba letu la chai fundi wa mjini alimaliza kazi kwa dakika kumi alipokwenda kutazama namba. Wiki tano zilipotea kabla ya hapo, katika kubishana na kompyuta isiyokosea.

Namba zikilingana, swali la pili ni hili: siku ya mwisho hesabu ilipokuwa sahihi ni ipi, na tangu siku hiyo kimeingia nini ghalani? Hapa daftari la ghala ni mali. Hata kama yameingia mabadiliko elfu moja, fundi hahitaji kuyasoma yote. Anachukua toleo la katikati na kulijaribu. Likiwa zima, kosa limeingia baadaye. Likiwa bovu, limeingia kabla. Anagawa tena nusu kwa nusu, kama mtu atafutaye palipoziba katika bomba refu la maji, na kwa majaribio kama kumi anafika kwenye badiliko lenyewe. Kisha anabadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Abadilishaye matano kwa pamoja hata akipona hajui dawa iliyomponya.

Daftari lisipofunguliwa, anayelipa ni mnyonge. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1999, shirika la posta liliweka katika posta ndogondogo mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, ambao kwa miaka mingi uliendeshwa na kampuni ya Fujitsu. Kompyuta ikionyesha upungufu wa fedha, msimamizi wa posta alitakiwa kuulipa. Mwaka 2015 katika posta ya Dalmellington mama mmoja alihamisha pauni 8,000 kutoka posta moja kwenda nyingine. Mashine ikaganda, akabonyeza tena na tena, na kila alipobonyeza ikaandika 8,000 nyingine. Akaonekana amepungukiwa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo.

Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa ushahidi wa mfumo huo. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba. Tangu mwaka 2000 mahakama za huko zilikuwa zikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo, na huyo mtu angeonyesha kwa nini, ilhali daftari la makosa yanayojulikana lilikuwa kwa Fujitsu? Mafundi wa Fujitsu waliweza hata kubadilisha hesabu za posta kutoka mbali, jambo ambalo shirika lilikuwa limelikana. Wasimamizi 555, wakiongozwa na Alan Bates, walishitaki kwa umoja. Katika kesi hiyo daftari likafunguliwa, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia mengine.

Mwakilishi wa tawi hawezi kusoma maandishi ya programu, wala hatumtaki asome. Lakini mezani anaweza kuuliza ni toleo gani lililo katika kila mizani na kila saa ya mlangoni, liliwekwa lini, na nani alikagua baada ya fundi. Anaweza kudai kwamba badiliko lolote linalogusa kilo, saa au bei lijaribiwe kwanza kwa mishahara ya mwezi uliopita, matokeo yawekwe sambamba na yale ya zamani, na kila tofauti ielezwe kabla ya siku ya malipo. Adai pia kwamba mtu asikatwe fedha kwa upungufu ulioonyeshwa na kompyuta peke yake kabla daftari la mabadiliko halijatazamwa. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, umekwisha sema katika kifungu cha 8 kwamba makato ya mshahara yafanywe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na katika kifungu cha 14 kwamba mfanyakazi aelezwe mchanganuo wa mshahara wake. Waajiri wengine watasema programu ni siri ya kampuni iliyowauzia. Maandishi yanaweza kuwa siri. Namba ya toleo na tarehe yake si siri.

Mama yule wa kituo cha nne alirudishiwa kilo zake zote mwezi uliofuata, kwa kuwa kila kikaratasi kilihesabika kuwa mpimo mmoja na kilo moja ya kurudishwa. Kompyuta ya ofisini haikuwa imeweka hesabu ya mipimo, bali jumla ya kilo za mwezi. Wenzake waliokuwa wamevitupa vikaratasi vyao walilipwa kwa kukisia, na ubishi wa makisio hayo haujamalizika mpaka leo.