Metali nzito katika mabonde ya Kigali: hatari isiyoonekana kwenye jani la mchicha

Mchicha uliostawi bondeni, au dodo kama wengi wanavyouita mjini Kigali, haumwambii mlaji lolote kuhusu udongo ulikoota. Risasi na kadimi hazina harufu wala ladha katika chakula, na mmea waweza kuzibeba bila kunyauka. Ndiyo maana wataalamu hupima maabara kile ambacho jicho la mkulima haliwezi kukiona.

Wasikilizaji wa zamani wa redio watalikumbuka jina la Kinyinya, wilayani Gasabo, kwa sababu ya mitambo ya masafa mafupi ya Deutsche Welle iliyofungwa mwaka 2015. Leo vilima hivyo vimejaa nyumba. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka Kagugu na Gacuriro huishia katika mto Nyabugogo, ambao hupokea pia maji machafu ya sehemu nyingine za jiji, kisha humwaga maji yake Nyabarongo.

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuhusu bonde hilo ulichapishwa mwaka 2011 na mwanasayansi wa Rwanda Christian Sekomo Birame pamoja na wenzake. Walipima maji, tope, mafunjo na samaki wa kinamasi cha Nyabugogo. Kromi, shaba na zinki katika maji kwa jumla hazikuvuka viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, lakini kadimi na risasi zilivivuka mara zote. Kadimi ilizidi hata kiwango kinachokubalika kwa kumwagilia mashamba. Katika tope, risasi ilifikia miligramu 58.3 kwa kilo, na katika mizizi ya mafunjo ikafikia 56.1.

Takwimu hizo mbili zinaeleza mengi. Mafunjo huinasa risasi mizizini na kuizuia isiendelee na safari, na kwa hiyo kinamasi chenye mafunjo ni kichujio kinachofanya kazi bila malipo. Mtu anapoyang'oa ili apande mboga, huondoa kichujio na kuubakiza uchafu uliokwisha kukusanyika.

Metali hizo hazina tabia moja. Risasi hushikamana na udongo na aghalabu hukomea mizizini. Ile inayokutwa kwenye majani mara nyingi ni vumbi na matone ya tope, na kuosha vizuri hupunguza sehemu yake kubwa. Kadimi hupanda kwa urahisi hadi jani lenyewe, na huko hakuna maji ya kuiosha. Udongo wenye tindikali huzidisha tatizo, kwa kuwa huiachia kadimi iyeyuke na kunyonywa na mizizi. Chokaa na mboji husaidia kuifunga, ingawa haziiondoi.

Kwa mboga za majani, kanuni za chakula za kimataifa, Codex, huruhusu miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kilo. Viwango ni vidogo kwa sababu mwili hauzitoi metali hizi upesi: kadimi hukaa katika figo kwa miaka kumi hadi thelathini, nayo risasi hujificha mifupani. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama, kwani huathiri ubongo unaokua.

Serikali ya Rwanda imehamisha viwanda kutoka bonde la Gikondo, na Nyandungu imegeuzwa bustani ya mazingira. Hatua hizo zinastahili sifa. Hata hivyo, metali haiozi kama takataka za jikoni. Kiwanda huondoka, tope likabaki. Karakana za magari, betri kuukuu na rangi za zamani nazo huendelea kuongeza kidogo kidogo kila mvua inaponyesha.

Kwa familia inayolima kando ya mfereji, chaguo la zao lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mboga za majani hukusanya metali nyingi kuliko mazao ya matunda kama nyanya, au mahindi, ambayo punje zake hupokea kiasi kidogo. Mchicha ungefaa kuhamishiwa mlimani, penye udongo usiofikiwa na maji ya jiji, hata kama kule utahitaji kumwagiliwa kwa ndoo.