Kabla ya Kulaumu Mota, Kagua Waya

Mbao ya mninga imefika nusu, mota ya msumeno wa meza inanguruma kwa sauti nzito, halafu kimya. Seremala anasubiri ipoe, anabonyeza kitufe chekundu, kazi inaendelea. Mbao chache baadaye inazima tena. Katika karakana nyingi, ziwe za Keko jijini Dar es Salaam au za Gikomba, Nairobi, hukumu hutoka papo hapo: mota imekwisha, ipelekwe ikasukwe upya. Mara nyingi mota hiyo ni nzima kabisa.

Kinachoizima ni kinga ya joto. Ndani yake kuna kisahani cha metali mbili zilizoshikanishwa. Zikipata moto, moja hutanuka kuliko nyenzake, kisahani hubinuka ghafla na kukata umeme. Kisahani hicho hakijui mota mbovu wala mota nzima, kinajua joto tu. Nalo joto ndani ya koili hukua kwa mraba wa mkondo: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Basi cha kutafuta ni kinachoifanya mota ivute ampea nyingi kupita kiasi, au kinachozuia joto lisitoke. (Kama msumeno ukizima na soketi nyingine zinakufa pamoja nao, hiyo si kinga ya mota, ni swichi ya ukutani. Hilo ni suala la nyaya za jengo.)

Mtuhumiwa wa kwanza kwangu ni ekstensheni. Chukua mota ya kilowati 1.5 kwenye umeme wa volti 230, ambayo kazini huvuta ampea 8 hadi 10 hivi. Iunganishe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa meta 50. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni meta 100, na ukinzani unazidi omu 1.1. Mota ikiwa kazini, volti kama 11 hupotea njiani, na hilo linavumilika. Tatizo ni pale inapowashwa. Mota ya aina hii huanza kwa kuvuta mkondo wa mara tano hadi saba ya kawaida, na hapo volti karibu 50 huishia kwenye waya. Nguvu yake ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, hivyo inabakiwa na takriban sehemu sita kati ya kumi. Inachelewa kushika kasi, na muda wote huo inajichemsha.

Hesabu hiyo ni ya shaba halisi. Madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, na ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya ule wa shaba. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, shuku kapasita, hasa iliyovimba. Usiiguse ovyo, kwa kuwa hutunza chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Kwenye mota nyingi za kapasita kuna pia swichi inayokata koili ya kuwashia mota inapokaribia kasi yake. Unga wa mbao ukiigandisha, koili iliyokusudiwa kufanya kazi kwa sekunde chache hubaki na umeme hadi joto lipande.

Ikiwa inawaka vizuri na kuzima katikati ya kupasua, angalia msumeno wenyewe. Meno butu, utomvu uliogandia, mbao mbichi inayobana, au mwongozo usioenda sambamba na msumeno: vyote huilazimisha mota ivute zaidi. Chomoa plagi, zungusha kwa mkono, usikilize beringi. Safisha na matundu ya feni.

Mashine za mtumba kutoka Marekani zina kisa chao. Zimeundwa kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na umeme wetu ni wa hezi 50. Mota huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, feni nayo hivyo hivyo, huku usumaku katika chuma chake ukizidi kwa asilimia 20. Itachemka hata bila mbao.

Kuna kinga zinazojirudisha zenyewe zikipoa, yaani msumeno unaweza kuanza kuzunguka mkono wako ukiwa juu yake. Kwa hiyo mota ikizima, kwanza zima swichi na uchomoe plagi, ndipo usogeze mkono. Na fundi akikushauri kuiunganisha moja kwa moja bila kinga, kataa. Msumeno utaacha kuzima kweli, mpaka siku koili itakapoungua.