Kasongo: Tumbili waliosaidia kufichua chanzo cha homa ya papasi

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Mwingereza John Everett Dutton alifariki Kasongo, kusini mwa Maniema, akiwa na miaka 30. Yeye na mwenzake kutoka Kanada, Joseph Todd, walikuwa wakichunguza homa ya papasi. Homa hiyo iliwapata wote wawili.

Katika majaribio yao mashariki mwa Kongo, papasi waliwekwa wawaume tumbili, na tumbili wakaugua. Hata papasi wachanga waliozaliwa na mama mwenye vijidudu waliambukiza. Vijidudu hivyo leo vinaitwa Borrelia duttonii, kwa jina la Dutton.

Tumbili hao hawakuwa na mtetezi. Leo, katika vyuo vikuu vya utafiti kama McGill ya Kanada, alikofundisha Todd baadaye, kazi hiyo ni ya daktari wa wanyama wa maabara. Anakagua mpango kabla jaribio halijaanza, anauliza kama wanyama wanaweza kupunguzwa, anatoa dawa ya maumivu, na mateso yakizidi anasimamisha jaribio. Anasaidia pia kuwakinga watafiti wasiambukizwe, kinga ambayo Dutton hakuipata.

Kwa familia za Kasongo na Kabambare, somo bado lipo: papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku. Homa ikipoa siku chache kisha ikarudi, usingoje. Nenda kituo cha afya. Ugonjwa huu unatibika.