Uzi: Dini katika shule za umma, tunabishania nini hasa?

Kila mjadala huu ukizuka, pande zote mbili hunukuu Katiba. Hebu tuufungue.

1. Kifungu cha 8: hakuna dini ya serikali. Lakini hakijakataza dini kufundishwa, ndiyo maana CRE, IRE na HRE ziko shuleni.

2. Shule nyingi za umma zilianzishwa na makanisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini kazi ya malezi ya kiroho, ila akilinda imani ya wengine. Hiyo "ila" ndiyo husahaulika.

3. Kifungu cha 32: usilazimishwe kutenda kinyume na imani yako. Kesi ya hijabu ya Isiolo: Mahakama ya Rufaa iliiruhusu 2016, Mahakama ya Juu ikabatilisha 2019, hasa kwa kasoro za utaratibu. Kwa hivyo swali lenyewe bado liko.

4. Mwanasiasa akisema "dini itoke shuleni" ama "hii ni nchi ya Mungu", muulize: unamaanisha somo, ibada au sare?

Mimi nasema somo libaki, ibada iwe hiari. Mtoto ambaye shule ya karibu ni hiyo moja tu hana pa kuhamia.